Mita Saba Alizokanyaga Feza Bure

Ninyi wa klabu ya baiskeli mulinistaafisha kwa keki na kiti cha plastiki. Keki ilikuwa tamu. Kiti kimepasuka muguu mumoja, nimeufunga kwa kipande cha mupira wa tairi, na sasa nimekikalia ninaandika. Mulisema: "Papa Mulunda, tuandikie kazi yako, wanaokuja wasome." Vizuri. Lakini musitafute humu hesabu ya vikombe. Vilikuwa viwili, na kimoja ninawekea misumari.

Ninaandika kwa sababu ya Feza. Anayemujua anamujua. Asiyemujua ajue kwamba hakuna mutu aliyepita kwenye pisti yetu ya mbio hapa Kalemie akakanyaga baiskeli kama yule mwanamuke. Nilimutamkia neno mbele ya watu. Neno lile lilikuwa uongo, na mimi sikujua. Sasa ninajua, na ni lazima nilirudishe. Lakini nikirukia pale moja kwa moja, hamutaona kosa liliingilia wapi. Kwa hiyo vumilieni. Nilisoma mpaka darasa la tatu la msingi, basi. Makosa ya herufi munisamehe. Lile lingine sitaki munisamehe haraka.

Nilizaliwa Kirungu, kule milimani, ambako nusu ya safari unaisukuma baiskeli na nusu nyingine inakusukuma yenyewe. Nilibeba maharage. Baadaye nikashuka Kalemie, nikabeba magunia ya mahindi kutoka bandarini mpaka kwenye vinu. Baiskeli yangu haikuwa na freni. Kwenye muteremko nilikuwa ninavua kandambili, ninaibana kwenye tairi kwa kisigino, moshi unatoka. Siku moja Muzungu mumoja alisimamisha gari lake, akashuka, akanitazama kama mutu anayetazama ajali ambayo haijatokea.

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Njaa."

Huyo njo Papa Yani, Muholandi. Alikuwa anachimba visima kwa ajili ya misheni moja, na Kiswahili chake kilikuwa cha bomba na kokoto. Kwao, zamani, alikuwa mutengeneza mikate. Alfajiri anakanda unga, jioni anakimbiza baiskeli kwenye pisti ya mbao iliyojengwa ndani ya nyumba, kwa sababu nje kuna baridi ya kuua. Hakulipwa hata siku moja. Alifanya hivyo miaka kumi na minne. Nilimuuliza alishinda mara ngapi. Akasema mara tatu, na moja kati ya hizo ni kwa sababu wawili waliokuwa mbele yake waligongana. Alisema bila haya. Mimi nilikuwa sijawahi kumusikia mwanaume akipunguza ushindi wake mwenyewe. Sijamusikia mwingine tangu hapo.

Siku yangu ya kwanza ya kazi ilikwenda hivi. Papa Yani alitoa kwenye sanduku baiskeli yake ya pisti. Haina freni, haina matopedo ya kusimamisha gurudumu kwa pedali, haina kengele. Pinyo ya nyuma, ile ya meno inayovutwa na munyororo, imefungwa na gurudumu: gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka, upende usipende. Nikapanda nikicheka. Mimi, mutoto wa Kirungu, nitafundishwa kinga, yaani baiskeli? Nikakanyaga vizuri, nikaona mwendo unatosha, nikapumzisha miguu kama tunavyofanya wote. Baiskeli ikanirusha kwenye majani ya matete.

"Papa Yani, kinga yako ina wazimu."

"Haina wazimu. Haina uvivu. Wewe umesimama, yeye hajasimama."

Nilirudi kesho yake kwa hasira. Hasira njo mali niliyokuja nayo kutoka milimani, na imenifikisha mbali kuliko shule.

Pisti ya kwanza tuliijenga kwenye uwanda, karibu na ziwa. Papa Yani alitaka saruji. Saruji haikuwepo. Tukaenda kwa mama wanne waliokuwa wanajua kupiga sakafu za nyumba, wakatucheka, wakatuambia tulete udongo wa kichuguu. Wakauponda, wakaulowesha, wakaumwaga, kisha wakapiga magoti kwa mustari na vibao vyao mukononi, wakapiga kwa wimbo, hatua kwa hatua, mpaka kwenye kona, wakaziinua kona zile kama ukingo wa sahani. Papa Yani alilala kifudifudi akaweka shavu lake juu ya udongo. "Kwetu ni mbao," akasema, "lakini hii ni bora, mbao haziponi." Kweli. Ukianguka pale unaiharibu, mama anakuja na kibao chake, kesho imepona. Wewe njo unachelewa kupona.

Alinifundisha vitu vitatu ambavyo bado vinanilisha. Kusikiliza reyon, zile spoki za gurudumu: unazigonga moja moja kwa kidole, ile inayolia nzito njo imelegea, unaikaza robo tu, si zaidi, kwa sababu ukiipendelea moja unaiumiza ile ya mbele yake. Kushika kronometre: usiitazame, mutazame mutu, kidole kijue chenyewe. Na kupima. Alikuwa na metre ya chuma ndani ya ganda la ngozi. Alipima muzunguko wa pisti si kwenye ukingo wa ndani, bali shubiri moja juu yake, pale tairi linapopita kweli. Alipima mara tatu. Mara ya tatu ilifanana na ya pili, na bado hakuwa na furaha. Mimi niliona ni tabia ya wazee wa Kizungu. Sasa mimi pia ni muzee, na ningependa kumwomba radhi, lakini magoti mabovu yalimurudisha kwao, na baadaye habari ya kifo chake ilitufikia kwa simu.

Alipoondoka niliendelea. Asubuhi nilitengeneza baiskeli za wabebaji, jioni nilifundisha. Nimewatoa wengi. Wengine walikuwa wazuri, wengi walikuwa na midomo. Kisha ziwa likapanda.

Munakumbuka lilivyopanda. Lilikula nyumba, lilikula barabara, na pisti ya Papa Yani ililiwa ndani ya juma mbili. Nilisimama nikatazama kona ya kwanza inalainika kama ugali uliozidi maji. Ziwa haliulizwi. Lakini binadamu wanaulizwa, na sasa ninafika kwenye sehemu ambayo mimi njo ninaulizwa.

Tulipewa uwanja mwingine, juu, upande wa Katanika. Mama wawili kati ya wale wanne walikuwa bado hai, wakaja na mabinti zao na vibao vyao. Udongo ulikuwa muzuri. Kitu kimoja kilikosekana: metre ya chuma ilikuwa imelala ndani ya maji, kutu ikaikata, kikabaki kipande cha mita kumi. Nilikwenda kwenye biro, ofisi inayoshughulikia michezo, nikaomba metre. Shefu pale akaniambia: "Papa, hatuna. Jipangeni." Jipangeni! Neno hilo likitoka kwenye mudomo wa shefu, ujue kazi yake imeisha.

Tukajipanga. Papa Kabwe, muvuvi wa Zongwe aliyekuwa amehamia huku na alipenda baiskeli kuliko watoto wake, alileta kamba mupya ya nyavu, ya nailoni, nyeupe, nzuri. Nikainyosha kwenye veranda ya kanisa, nikaipima kwa kile kipande cha chuma mara tano, nikafunga fundo: mita hamsini. Kamba tano njo muzunguko mumoja, mita mia mbili na hamsini.

Sasa sikilizeni, kwa sababu kosa hili halikuwezekana popote isipokuwa kwetu. Muvuvi wa huku hapimi kamba kavu. Wanasema kamba ambayo haijanywa ziwa ni muongo. Anailowesha kwanza, wanaume wanaivuta mpaka maji yanadondoka, inatoa urefu wake wote, halafu njo anaipima na kuikata. Hiyo ni akili, ni ya babu zao, haina kosa. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuipima.

Papa Kabwe alikuja uwanjani, akaishika.

"Umeipima?"

"Nimeipima."

"Lakini ni kavu! Kamba kavu hii, Papa Mulunda? Unataka pisti ya uongo?"

Akaitumbukiza kwenye pipa la maji ya mama wa sakafu, tukaivuta wanaume wanne, maji yakatoka, kamba ikatoa urefu wake. Yeye aliona ameiponya. Mimi niliona amenisaidia. Ikawa ndefu, na fundo langu likasogea nayo, na hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba fundo lilikuwa limefungwa kabla ya ukweli. Muvuvi mumoja, mufundi mumoja, wote wawili wenye majina muji muzima, na hatukuona. Mvua ilikuwa inakuja. Nilipima mara moja. Moja! Nikaenda kwenye biro, nikasaini karatasi: muzunguko, mita mia mbili na hamsini.

Feza alikuja mwaka uliofuata. Alikuwa anapandisha maji kwa baiskeli kwenye kambi ya waliokimbia vita, mabidoni sita kwa safari moja, na alikuwa anaimba akipanda. Nikamuweka kwenye baiskeli ya pisti. Nilingoja imurushe. Haikumurusha. Alizunguka mara kumi, akashuka polepole kwa kuirudisha nyuma miguu kama aliyezaliwa nayo, akaniuliza: "Papa, freni ziko wapi?"

"Hazipo."

"Aa. Nilifikiri nimekosa kuziona."

Nilimufundisha miaka miwili. Sitasema mengi, mutadhani ninapamba. Nitasema tu kwamba reyon zake alizikaza mwenyewe, na kwamba hakuchelewa hata siku moja.

Kisha ikaja habari: kulikuwa na nafasi moja ya mwanamuke, kwenda Lubumbashi, na kutoka Lubumbashi kwenda nje ya inchi. Sharti lilikuwa kilometa moja, unaanza ukiwa umesimama, chini ya dakika moja na sekunde ishirini na nne, kwenye pisti iliyopimwa, shefu akitazama. Kilometa moja kwetu ilikuwa mizunguko minne. Alikuwa na siku tatu.

Siku ya kwanza: dakika moja na ishirini na sita. Siku ya pili: ishirini na sita. Mufundi mwenye masikio angesikia pale. Muguu mubovu unabadilika, leo hivi kesho vile. Huu haukubadilika. Kitu kilichokuwa kinakosea kilikuwa kitu kisichochoka, yaani ardhi. Lakini mimi nilikuwa sisikilizi tena, nilikuwa ninapiga kelele. Shefu alikuwa ameketi kwenye kivuli na soda yake. Aliniambia: "Papa, kronometre haina huruma," kama mutu aliyeivumbua.

Siku ya tatu watu walijaa. Feza aliniambia kabla ya kupanda: "Papa, pisti hii ni ndefu."

Musome tena. Alisema pisti hii ni ndefu. Alikijua kwa miguu yake kile ambacho mimi sikukijua kwa metre.

Nami nikajibu, kwa sauti, mbele ya wote: "Pisti si ndefu! Miguu yako njo mifupi! Miguu ya kubeba mabidoni, si ya pisti! Rudi kwenye maji yako!"

Watu walicheka. Baadhi yenu munaosoma hapa mulicheka, nawajua kwa majina, sitayaandika, mutajitaja wenyewe usiku mukikosa usingizi.

Alipanda. Alikwenda kama mutu anayekimbia moto. Mizunguko minne. Ishirini na sita tena. Kwenye mustari wa mwisho alikuwa amefunga macho, na kona iliyofuata hakuiona. Mufupa wa bega ulivunjika, nilisikia mwenyewe. Hakulia. Alinyanyuka, akaikota baiskeli kwa mukono muzima, akaileta mpaka miguuni pangu, akailaza chini kama mutu anayelaza mutoto wa mwenzake. Akaondoka. Baadaye nikasikia ameolewa Zongwe. Sikwenda kumuona. Nilisema ana kiburi. Mimi, ninasema mwingine ana kiburi!

Miaka ikapita. Mwaka huu, kabla ya keki yenu, jeometre, mupima ardhi, alikuja kwa ajili ya ugomvi wa parsele, mipaka ya kiwanja, na jirani yetu. Kijana wa heshima, na chombo chake cha miguu mitatu. Nikamwambia kwa muzaha: "Nipimie na pisti, nife nikijua." Akapima. Akasema mia mbili na hamsini na saba.

"Chombo chako kimeharibika."

"Papa, chombo hakijaharibika."

"Pima tena."

Akapima tena. Mia mbili na hamsini na saba. Akapima mara ya tatu, bila kuombwa. Nikakaa chini kwenye udongo. Mita saba kwa muzunguko. Mizunguko minne, mita ishirini na nane. Feza alikuwa amekanyaga kilometa moja na mita ishirini na nane, akiwa amechoka, mara tatu, kwa sekunde themanini na sita. Jeometre aliandika kwenye karatasi yake, akagawanya, akanionyesha. Kwa kilometa kamili ni sekunde themanini na tatu na kitu. Alikuwa amepita. Siku ya kwanza alikuwa amepita. Siku ya pili alikuwa amepita. Na siku ya bega alikuwa amepita.

Nikaenda kwenye biro. Shefu ni yuleyule, tumbo limeongezeka. Nikamwekea karatasi ya jeometre mezani, nikamwambia: "Andika kwamba alipita."

"Papa Mulunda, faili ile ilikwisha kufungwa. Na waliochaguliwa walikwisha kwenda, wakarudi, wakazaa."

"Sikuombi umupeleke. Ninakuomba uandike."

"Na nani alisaini urefu wa pisti?"

Alisimama, akafungua kabati, akatafuta, akanitolea karatasi yenye jina langu na ile saini yangu ya kujifunza ukubwani. Alikuwa na haki. Lakini nyuma ya mafaili, kwenye kabati lile, niliona metre ya chuma, kubwa, ndani ya nailoni yake, haijafunguliwa.

"Hiyo ni ya lini?"

"Hiyo? Ya zamani. Tangu ninaanza kazi iko hapo."

"Nilikuja kukuomba metre."

"Hiyo si ya michezo, Papa. Hiyo ni ya biro."

Nilitoka kabla ya kufanya kitu ambacho kingenilaza kwenye kashoo ya polisi. Ninaandika sentensi hii polepole ili isinichanie karatasi: chombo cha kupimia kilikuwepo, kililala kwenye kabati mita mia tano kutoka kwetu, nasi tulikuwa tunalowesha kamba ndani ya pipa.

Nikapanda mutumbwi wa motere mpaka Zongwe. Feza alikuwa kwenye vichanja, anageuza ndagala na wanawake wengine. Bega lake moja linasimama juu kidogo ya lingine. Alinitambua kabla sijafika.

"Papa Mulunda. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi umekuja kununua samaki."

Nikamwambia yote, nimesimama, juani. Kamba, fundo, pipa, mita saba. Hakuacha kugeuza ndagala. Nilipofika kwenye sekunde themanini na tatu, mukono ukasimama kidogo, halafu ukaendelea.

"Nilikuambia ni ndefu."

"Uliniambia."

"Na Papa Kabwe anajua?"

"Nimemwambia. Amelia. Anasema kamba yake haikuwa na kosa."

Akacheka kidogo, kwa pua. "Haikuwa. Ilikuwa imekunywa ziwa vizuri."

Nilingoja aseme amenisamehe. Muzee anasafiri kwenye mutumbwi unaotapisha, anategemea kitu. Nikasema: "Mwanangu, neno lile nililosema siku ile, ninalirudisha."

Feza akapangusa mikono kwenye kitenge chake, akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Unalirudisha hapa? Hawa hawakulisikia. Hawa hawajui hata nilikuwa na baiskeli. Ulilisema kule, Papa, watu wamejaa. Lirudishe kule."

Mumoja wa wale mama akasema: "Feza, ni muzee."

"Ni muzee, ndiyo. Hata siku ile alikuwa muzee."

Nikamuuliza kama atakuja kusikia. Akasema: "Nitaangalia ziwa litakavyoamka." Akanifungia ndagala kwenye jani, akakataa nilipe. Sikujua kama ni heshima ama ni adhabu. Niliwala. Walikuwa na muchanga.

Basi, kazi yenu ya kwanza bila mimi ni hii. Jumapili, kabla ya kuanza, anayeshika kronometre asimame kwenye mustari, asome karatasi hii yote kwa sauti, asiruke mahali ninapojitukana. Mimi nitakuwa nimesimama pale mbele, bila kiti. Watu wakishajaa, nitasema kwa mudomo wangu: Feza alikimbia kilometa moja chini ya dakika moja na sekunde ishirini na nne, mara tatu, na mara moja kati ya hizo alikuwa amebeba neno langu. Pisti ilikuwa ndefu. Miguu yake haikuwa mifupi. Ni mimi niliyepima mara moja.

Mukicheka, safari hii mucheke mukinitazama mimi. Na musinianzie mapema, mungoje mutumbwi wa Zongwe ufike.